Nguzo 856 na Kanisa Katikati

Ukiingia Mezquita ya Córdoba, usikimbilie mihrabu kama kila mtu mwenye simu. Simama kwanza kati ya nguzo. Ziko 856, na zile za mwanzo hazifanani kabisa: zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, zingine fupi, zingine nene. Mafundi wa Abd al-Rahman wa Kwanza, walioanza kazi mwaka 785, wakaweka tao juu ya tao, jekundu na jeupe, ndipo dari ikapanda. Urembo wote huo ulitokana na shida ya vifaa.

Halafu unatembea kidogo na, manze, kanisa! Fernando wa Tatu aliuteka mji 1236, na karibu miaka 300 Wakristo walisali humo bila kubomoa sana. Mwaka 1523 ndio wakapasua katikati. Si kanisa baya, lingekuwa kwingine ningelisifu. Hapa linapiga kelele ndani ya nyumba inayonong'ona.

Kinachoniudhi ni ya juzi. Mwaka 2006 dayosisi iliandikisha jengo lote kwa jina lake, kwa euro 30 hivi. Mwislamu analipa tiketi kama wewe, anapiga picha mihrabu kama wewe, lakini akisujudu, walinzi hao. Na mozaiki za mihrabu hiyohiyo, enzi za al-Hakam wa Pili, vijiwe vyake inasemekana vilitumwa na mfalme wa Bizanti. Mkristo.