Mamluki wa Rubicon: Uhakiki wa Hadithi ya "Armored Core VI"

Yamkini baadhi ya wasomaji watashangaa kukuta uhakiki wa mchezo wa kompyuta katika kurasa zilizozoea riwaya, tamthiliya na tenzi. Walakini vijana tunaowafundisha hapa Mutanga Nord hukaa saa nyingi zaidi mbele ya hadithi za namna hii kuliko mbele ya kitabu chochote tunachowapangia, na hadithi yenye hadhira kubwa haiachwi nje ya uhakiki kwa sababu tu haikupigwa chapa. Mchezo ninaoukusudia ni "Armored Core VI: Fires of Rubicon", uliotolewa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo tarehe 25 Agosti 2023. Ni wa karibuni katika mfululizo ulioanza mwaka 1997. Nitautazama kwa fani na maudhui kama ilivyo desturi yetu, lakini zaidi nitaupima kwa neno moja la Kiswahili, nalo ni mamluki.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Katika sayari iitwayo Rubicon 3 kuna kitu kiitwacho Coral, chenye nguvu ipitayo ya mafuta na umeme vikichanganywa. Nusu karne kabla ya hadithi kuanza, Coral ililipuka moto, ikaiunguza sayari hiyo na nyota za jirani. Sasa imegundulika kwamba haikuteketea yote. Kampuni mbili kubwa, Balam na Arquebus, zimeingia kuigombania. Wenyeji wa sayari nao wameunda chama cha ukombozi. Katika vurugu hiyo anaingizwa kwa siri mtu asiye na jina ila nambari, 621, akiendesha roboti ya vita yenye urefu wa nyumba ya ghorofa. Ubongo wake uliwahi kupasuliwa na kurekebishwa ili auendeshe mtambo kama mwili wake mwenyewe. Aliyemnunua na kumleta anaitwa Walter. Ahadi ya Walter ni kwamba malipo ya kazi hizi yatamwezesha 621 siku moja kuyanunua tena maisha ya binadamu wa kawaida. Kwa kuwa hana kibali cha kufanya kazi hiyo, 621 anachukua kibali cha mtu mmoja aliyeitwa Raven, na tangu hapo hilo ndilo jina lake la biashara.

Wanafunzi wangu wawili waliponisimulia kisa hiki kwa Kiswahili cha Bujumbura, walikwama walipofika kwenye kazi ya 621. Mmoja alitumia neno la Kifaransa, mercenaire. Wa pili akatumia la Kirundi, umucancuro. Niliwapa mamluki, na mjadala uliofuata ulinifunza mengi juu ya mchezo huu, kwani maneno hayo matatu hayasemi jambo moja. Neno la Kifaransa linatokana na Kilatini, na kiini chake ni ujira. Neno la Kijapani linalotumika katika mchezo wenyewe, yohei, lina kiini hicho hicho: askari aliyeajiriwa. La Kirundi linatupeleka kwenye guca incuro, yaani kwenda kufanya vibarua kwa watu ili upate chakula; kiini chake ni njaa. Lakini mamluki tuliipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyemilikiwa. Ni ndugu wa miliki, milki na mamlaka. Huko Misri askari watumwa wa aina hiyo waliinyakua dola wenyewe mwaka 1250, wakatawala hadi mwaka 1517. Katika Kiswahili cha leo maana ya utumwa imefifia. Mamluki ni apiganaye vita visivyo vyake kwa malipo, na katika mashindano ya shule huko Tanzania ni yule mchezaji asiye mwanafunzi anayepenyezwa katika timu.

Sasa tumtazame 621 kwa macho ya maneno hayo. Je, ni mwajiriwa, ni mwenye njaa, au ni mwenye kumilikiwa? Mchezo unamwonyesha kuwa wa kwanza kwa fani yake, na kuwa wa tatu kwa maudhui yake. Mvutano baina ya mambo hayo mawili ndio uzuri wake, na ndio udhaifu wake pia.

Nianze na uzuri. Baada ya kila kazi, mchezaji haonyeshwi sherehe wala medali. Anaonyeshwa hesabu: malipo ya kazi, kisha gharama ya risasi alizopiga, kisha gharama ya kuitengeneza roboti, na mwishoni salio. Aliyeshinda kwa pupa hujikuta ametia mfukoni kidogo. Sijaona kazi ya sanaa inayoeleza vita vya kukodiwa kwa uaminifu kama karatasi hiyo ya hesabu, isiyo na hata sentensi moja ya mahubiri. Miongoni mwa kazi za mwanzo ni kushambulia bwawa ambalo umeme wake unawategemeza wenyeji. Mchezaji huvunja mitambo, hulipwa, huendelea. Anayerudia mchezo kwa mara ya pili hupata jambo jipya katika kazi ile ile: katikati ya mapigano wenyeji humpigia redio na kumwahidi fedha nyingi zaidi endapo atawageukia wenzake wawili alioajiriwa nao. Hali kadhalika kuna meli kubwa ya uchimbaji ya wenyeji ambayo mara ya kwanza mchezaji analipwa kuiangamiza, na mara ya pili anaweza kulipwa kuilinda. Hapa kurudia si kujifurahisha tu, kwani kunamfichulia mchezaji kwamba mara ya kwanza hakuchagua lolote. Aliuza tu kwa mnunuzi wa kwanza aliyebisha hodi. Ukilinganisha na "MechWarrior 5: Mercenaries" wa mwaka 2019, ambamo kijana anarithi kikosi cha babake na kabla ya kila vita anapatana bei ya mshahara na mgawo wa mabaki, utaona tofauti. Kule mchezaji ni mwenye duka, na huku ni bidhaa.

Uzuri wa pili ni sauti. Katika hadithi yote hatuoni uso wa mtu. Wahusika ni sauti za redio na nembo zilizochorwa kwenye vyuma vyao. 621 mwenyewe hasemi neno. Walter ni mkali na mchache wa maneno, na upole wake unatambulika polepole, kama wa mzee anayeficha mapenzi kwa kutoa amri. Baadaye katika masikio ya 621 inaingia sauti nyingine, Ayre, ambayo si ya binadamu bali ni ya Coral yenyewe. Kumbe kile kinachochimbwa na kuchomwa kina uhai na kinaweza kusema. Kuanzia hapo mchezaji ana wasemaji wawili, anayemmiliki na anayemsihi, na mwisho wa hadithi unategemea amsikilize yupi. Akimtii Walter, Coral yote inachomwa pamoja na sayari. Akimsikiliza Ayre, hana budi kupigana na Walter mwenyewe, ambaye wakati huo Arquebus wameshamteka na kumvuruga akili. Mwisho huo unaitwa, kwa tafsiri yangu, Mkombozi wa Rubicon. Upo mwisho wa tatu, wa kuiachia Coral isambae miongoni mwa binadamu wote, lakini huo unahitaji kurudia mchezo mara ya tatu, nami naona una falsafa nyingi kuliko hadithi.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo mkombozi bila kusimama. Kukomboa ni kulipa ili kukitoa kilichowekwa rehani. Na katika pwani yetu ya zamani mtumwa aliyejilipia thamani yake alisemwa kuwa amejikomboa. Basi ahadi ya Walter ni ukombozi kwa maana ya kale, na chama cha wenyeji ni cha ukombozi kwa maana tuliyoizoea tangu enzi za FRELIMO. 621 anatoka katika maana ya kwanza na kuingia katika ya pili, bila kulipia chochote. Waandishi wa Tokyo hawakuwa na habari na Kiswahili, lakini lugha yetu inaueleza mwisho wao vizuri kuliko lugha walizoandikia.

Nigeukie udhaifu. Nyumba za Mutanga Nord zimejengwa kwenye mteremko unaolitazama Ziwa Tanganyika, na siku ya anga safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Watu wa ng'ambo hiyo wamewajua mamluki kwa macho. Mwaka 1964 Moïse Tshombe, akiwa waziri mkuu wa Kongo, aliwaajiri wazungu kupambana na wapiganaji wa Simba. Mike Hoare aliongoza kikosi kilichoitwa 5 Commando, ambacho mwaka 1965 kilitua Baraka, kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Mwaka 1967 mamluki waliasi. Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba huko Kongo, aliuteka mji wa Bukavu mwezi wa Agosti akaushikilia hadi Novemba, kisha akavuka mto Ruzizi na watu wake kuingia Rwanda. Wazungu walipelekwa Ulaya kwa ndege mwezi wa Aprili 1968. Waafrika wa Katanga waliopigana chini yao walirudishwa Kongo.

Hao hawakumilikiwa na mtu. Walitia saini mikataba, walijua bei yao, na wengi waliweza kuondoka walipochoka. Hapa ndipo penye kasoro kuu ya mchezo huu. Unatuonyesha mamluki kwa maana ya kale, yaani mtumwa, halafu unatuomba huruma kwa niaba ya mamluki wa maana ya leo, yaani mkodiwa. Mchezaji akilivunja bwawa hajioni kuwa na hatia, kwa sababu 621 alinunuliwa, ubongo wake ulipasuliwa, na mdomo wake hausemi. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inamtambua mamluki, pamoja na alama nyingine, kwa tamaa yake ya kujinufaisha. Mwanasheria angepata taabu kumtia 621 katika kifungu hicho, kwani hatuambiwi hata mara moja kwamba anatamani kitu. Ni ujanja wa kisanii, na ni ujanja mkubwa: mkodiwa mwenye mikono miekundu amevishwa kanzu ya mtumwa, nasi tukamlilia.

Kasoro ya pili inaandamana na hiyo. Wenyeji wa Rubicon wako wapi? Tunasikia viongozi wao redioni, tunasikia kaulimbiu zao, tunaambiwa kwamba wanakula funza kwa dhiki. Lakini miji tunayopigania ni mitupu, na madereva wao wadogo hufa kwa mamia bila majina. Hatumwoni mama anayebeba ndoo baada ya bwawa kuvunjwa. Nadhani hilo si sadfa. Hoare aliandika "Congo Mercenary" mwaka 1967, na Schramme akatoa "Le Bataillon Léopard" mwaka 1969. Vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyouunda utanzu huu, na ndani yake wenyeji ni mandhari, kama miti na mvua. Mchezo wa mwaka 2023 umeurithi utanzu pamoja na upofu wake. Kwa upande wetu, riwaya za upelelezi za A.E. Musiba zilimtuma Willy Gamba kuwawinda mawakala wa makaburu, na hata kama wahakiki walizidharau kwa wepesi wake, angalau zilitazama kutoka upande wa wanaovamiwa.

Hata hivyo, yumo mhusika mmoja aliyeponyoka kasoro hizo, naye ni Iguazu wa kikosi cha Balam. Aliingia katika kazi hii kwa sababu ya madeni ya kamari. Upasuaji wa kichwa umemwachia kelele masikioni zisizokoma. Anamchukia 621 kwa wivu wa wazi, kwa kuwa mbwa wa mtu mwingine anapendwa na bwana wake na kusikia sauti nzuri, ilhali yeye husikia mvumo tu. Huyu si mtumwa wala si shujaa. Ni mtu aliyekuja kwa shida ya fedha akabaki kwa kukosa pa kwenda. Ndiye umucancuro halisi wa hadithi hii. Mwezi wa Januari 2025, Goma ilipoanguka, mamluki wa Romania zaidi ya 280 walisalimisha silaha wakavushwa mpaka kuingia Rwanda, zaidi ya miaka 57 baada ya Schramme. Vyombo vya habari viliripoti mishahara ya kama dola 5,000 kwa mwezi, kando ya askari wa Kongo wapatao kama dola 100. Nilipotazama picha za watu wale wakisubiri kupekuliwa, wenye begi mgongoni na macho chini, aliyenijia akilini hakuwa 621. Alikuwa Iguazu.

Mchezo huu haujatafsiriwa kwa Kiswahili. Endapo mmoja wetu ataombwa kuifanya kazi hiyo, ushauri wangu ni asitumie neno moja kwa wote. Iguazu aitwe askari wa kukodiwa, tena bila kulainisha. Walter aachwe aseme "mbwa" kama anavyosema, kwa kuwa neno hilo kinywani mwake lina aibu ndani yake. Na 621 aitwe mamluki katika sura nne za mwanzo. Katika sura ya tano, wakati Walter amekwisha kutekwa na hakuna tena wa kumwamuru, mfasiri atafute neno jingine.