Kuona, Kusikia na Kudhani

Wanaojifunza lugha na desturi za nchi wasikozaliwa huonywa mara nyingi wawe wanyenyekevu. Shauri hilo ni jema, walakini halitoshi, maana halimwonyeshi mtu afanyeje akishika kalamu. Mtu aweza kukiri mwanzoni mwa kitabu chake kwamba elimu yake ni haba, kisha akaandika kurasa mia mbili kana kwamba hana shaka hata moja. Sisi twaona ya kuwa unyenyekevu wa mwandishi hupimwa katika kila neno atoalo: je, ameliona, au amelisikia, au analidhani tu? Kwa kipimo hicho na tuyaangalie maandiko machache ya zamani juu ya bara ya Afrika ya Mashariki.

Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmishonari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchaga, akaona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa Ujerumani na kuizoea theluji tangu utoto, akaitambua. Habari yake ikapigwa chapa mwaka wa 1849. Jibu la yule kiongozi lastahili kuangaliwa sana. Hakubuni jina ili aonekane mjuzi, bali alitaja lile alilolijua, akakoma hapo. Neno lake moja lilipatana na yale ambayo Rebmann aliyaona kwa macho yake mwenyewe.

Huko London alikuwapo mwanachuoni, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika nchi hizi. Alikuwa mtu wa bidii, mwenye kukusanya habari za wasafiri na kuzilinganisha kwa maarifa mengi. Lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1852 aliikana theluji ile. Hatumlaumu kwa kukaa mbali. Wengi husoma mambo ya mbali wakawafaidia wenzao. Twamlaumu kwa kuwa aliitumia dhana yake kumkanusha mtu aliyeona, wala hakuiita dhana. Mwaka wa 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima ule hata kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia.

Msomaji asikate hukumu upesi, akasema kwamba aliyefika ndiye mjuzi, na aliye mbali ni mjinga. Maana wamishonari wa ukumbi ule ule wa Rebmann walitoa ramani iliyojulikana mwaka wa 1856, nayo ilikuwa na kosa kubwa. Mwenzake, Jakob Erhardt, alikuwa amekaa Tanga akiwauliza watu wa misafara. Wenye njia za kaskazini na wenye njia za kusini wote walitaja maji makubwa huko bara. Basi wawili hao wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba.

Watu wa misafara hawakusema uongo; kila mmoja alieleza mwisho wa njia yake. Kosa liliingia pale habari zilipounganishwa. Na hapa lugha yenyewe yatuonya. Nyanza, nyanja na nyasa, katika lugha mbalimbali za bara, ni maneno ya kutaja maji makubwa, si majina ya mahali pamoja tu. Watu wawili wakitaja ziwa, hawajathibitisha kwamba wametaja ziwa moja, kama vile wawili wakisema mto hawajasema ni mto ule ule. Mwaka wa 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, na Speke peke yake akaliona ziwa aliloliita Victoria. Mwaka wa 1859 Livingstone akafika Nyasa. Basi pale palipochorwa ziwa moja palikuwa na maziwa matatu.

Hata hivyo ramani ile haikuwa hasara tupu, kwa kuwa iliwachochea wanachuoni wa London kutuma watu wakatazame. Lakini ingaliweza kufanya kazi hiyo hiyo kama pwani za ziwa lile zingalichorwa kwa nukta kila mahali pasipo na habari ya mtu aliyefika. Nukta chache hazingalipunguza sifa ya wachoraji, nazo zingalimwonyesha msomaji mahali masikio yalipokoma na dhana ilipoanza.

Mfano wa tatu ni jina lenyewe la mlima. Ludwig Krapf aliandika kwamba watu wa pwani huufahamu kuwa mlima wa ukuu. Akaongeza kwamba labda maana yake ni mlima wa misafara, na ya kuwa Wachaga huuita Kibo. Twaisifu labda hiyo. Waliomfuata walisema njaro ni weupe, wengine mng'ao, wengine pepo wa baridi. Na vitabu vingi huchagua moja tu na kuitoa kama hakika. Lakini Mswahili ye yote aweza kuuliza: mlima huu una mita 5,895, nao ni mrefu kuliko yote ya Afrika, mbona basi uitwe kilima? Mfasiri asiyeligusa swali hilo hajamaliza kazi yake.

Jambo hili si dogo. Wazee wenye maneno hufa, na kitabu hubaki. Dhana ikipigwa chapa bila alama, watoto huisoma shuleni. Nao wakiwa wazee humwambia mwulizaji mwingine, naye huiandika kama mapokeo ya mababu. Hapo hakuna tena awezaye kuitenga na neno la kale.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji watuleteao maana za majina ya mahali waandike kando ya kila neno jina la kijiji liliposikiwa, na kama maana ile imetoka kinywani mwa mwenyeji au ni yao wenyewe. Wakiona shaka, waandike labda. Hatutalifuta neno hilo.