Sinema ya Bure, Nani Anailipa?

Siku hizi, hapa kwetu Kindu, sinema haihitaji tena ukumbi wala kitambaa cheupe. Kijana anaketi kando ya njia, simu mkononi, na ulimwengu mzima unapita mbele ya macho yake. Lakini wako wasiotumia programu kama ilivyotoka kwa mwenyewe. Wanatumia programu iliyogeuzwa: haionyeshi matangazo, haidai malipo ya mwezi, tena inakuachia kuweka sinema ndani ya simu. Inapita kutoka simu hata simu, rafiki kwa rafiki, au inachukuliwa katika vikundi vya Telegram.

Tusiwahukumu upesi, maana sababu zao ni za kweli. Makampuni mengi hudai kadi ya benki, na wengi wetu benki yetu ni nambari ya simu tu. Mega nazo hununuliwa kwa faranga zilizopatikana kwa jasho, na matangazo huzila kabla sinema yenyewe haijaanza. Basi mtu akiletewa programu isiyo na matangazo wala malipo, kwa nini aikatae? Hebu ajiulize kwanza swali moja: kazi hiyo ya bure, nani anailipa?

Mlipaji wa kwanza aweza kuwa wewe mwenyewe. Kila programu ya simu za Android hufungwa kwa sahihi ya mtengenezaji wake. Anayetaka kuigeuza huifungua, huondoa matangazo au mlango wa malipo, kisha huifunga tena kwa sahihi yake yeye. Ameongeza nini ndani? Wewe huwezi kujua. Umeuziwa mbuzi katika gunia. Mwezi wa Septemba 2024 wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba programu ya muziki ya Spotify iliyogeuzwa ilikutwa na kirusi kiitwacho Necro. Kirusi hicho kiliweza kufungua matangazo kwa siri na kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Ni kweli, kirusi hicho kilionekana pia katika programu chache za duka rasmi la Google. Hakuna mlango usioweza kuvunjwa. Lakini kulala bila mlango ni jambo jingine. Na simu yetu ndiyo iliyobeba M-Pesa au Airtel Money, yaani karo ya mtoto na dawa ya mama.

Mlipaji wa pili ni yule aliyeifanya kazi. Wengine husema: makampuni ya Marekani ni matajiri, hayataona hasara. Labda. Lakini programu iliyogeuzwa haichagui kati ya tajiri na maskini. Hata matangazo tunayoyachukia, katika YouTube sehemu ya fedha zake humfikia mtungaji aliyekubaliwa katika mpango wa malipo. Yakiondolewa, naye anakosa.

Tuchukue mfano wa karibu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 filamu iitwayo En route pour le milliard, nayo ikawekwa katika orodha rasmi ya Cannes ya mwaka ule. Inawaonyesha watu waliolemazwa Kisangani mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo siku sita. Wanapanda chombo na kushuka mto, mto huu huu upitao kwetu kwa jina la Lualaba, hata Kinshasa, wakadai fidia yao. Filamu hiyo haielezi vita kwa maneno mengi, na asiyejua habari zile aweza kupotea kidogo. Lakini nguvu yake ni kubwa: kamera inakaa karibu na watu hawa, chini ya mvua, juu ya magongo yao, wala haiwafanyi watu wa kuhurumiwa tu. Wanacheka, wanagombana, wanaigiza maisha yao jukwaani. Ni watu wanaodai deni.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Tukiitazama filamu ya watu walionyimwa haki yao kwa njia inayomnyima haki yake aliyeitengeneza, tumeielewa kweli? Tangu tarehe 5 Aprili 1986, ilipoitwa Zaire, nchi yetu ina sheria ya kulinda kazi za watungaji. Sheria peke yake haitoshi ikiwa watazamaji hawaoni deni.

Tufanye nini basi? Anayebana mega apunguze ubora wa picha katika programu halali. Sinema itaonekana, na mega zitadumu. Wenye ukumbi wamwombe mwenye filamu ruhusa, wachange, watazame pamoja. Na makampuni nayo yasikie: yafungue mlango wa malipo kwa nambari ya simu, kwa bei ya mfuko wa Maniema. Asiyewauzia watu kwa njia wanayoweza asishangae wakipita dirishani.

Lakini dirisha lao halitufutii deni letu. Tunalalamika kwamba sinema zote ni za wageni, kwamba mto wetu na vijiji vyetu havionekani. Vitaonekana siku tutakapokubali kumlipa anayevionyesha.