Simu iliyolitikisa daraja la Kilosa

Tuanze na video zenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa MIT kule Marekani, wakiwemo Hao-Yu Wu, Michael Rubinstein na William Freeman, walionyesha mtoto mchanga amelala. Kwa macho, katulia tuli. Ipitishe video ileile kwenye programu yao, kifua kinapanda na kushuka waziwazi. Kwenye video nyingine, uso wa mtu unaiva na kufifia kila moyo unapopiga. Mara ya kwanza nilirudia kuitazama kama mara tano. Ni kazi nzuri, sina ubishi. Ugomvi wangu ni jinsi sisi wa huku tunavyoisimulia, na wa kwanza kukosea ni mimi.

Inafanyaje kazi? Mwanga wa kila pikseli hubadilika kidogo sana kutoka fremu moja hadi nyingine. Programu inachukua mabadiliko yanayojirudia kwa kasi fulani, tuseme mara moja kwa sekunde kama mapigo ya moyo, inayazidisha mara 50 au 100, kisha inayarudisha kwenye picha. Sasa shika hili: kasi hiyo unaichagua wewe. Na programu haijui kilichotikisika ni kitu au ni kamera.

Nikiwa Kilosa nilirekodi daraja moja dogo, simu mkononi, nikaikuza video. Daraja likacheza kama kamba ya nguo. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp kwa mbwembwe. Kumbuka hapo ni Kilosa, mji ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliingia kwenye nyumba za watu na kubomoa reli. Jioni video ikanirudia na maandishi mapya: daraja linaanguka, msipite. Mama mmoja aliniuliza kama wanawe wazungukie njia ndefu kwenda shule. Ndipo nikaangalia upya kwa utulivu. Kumbe mwembe wa ng'ambo nao unacheza, na ukingo wa mto, na mawe. Nilikuwa nimekuza mkono wangu.

Mikumi nilijiona nimejifunza. Nikaegemeza simu kwenye dirisha la gari, nikamlenga swala aliyelala. Baada ya kukuza, swala anatetemeka kama ana homa! Injini ilikuwa inanguruma. Dizeli ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kutembea hulipua mafuta kama mara 23 kwa sekunde. Simu inayorekodi fremu 30 kwa sekunde haiwezi kufuata mtikisiko unaozidi mara 15, kwa hiyo huo wa 23 unajitokeza kwenye video kama wa mara 7 hivi. Mtikisiko wa uongo, lakini unapendeza. Tulipozima injini na kuchagua kasi ya chini, ubavu tu ndio uliosogea, na nyasi kidogo.

Kuhusu afya nina wasiwasi zaidi. Wapo wanaosema simu itapima mapigo ya moyo zahanati, bila kifaa kingine. Alama ya rangi inayotafutwa ni ndogo mno, na melanini hunyonya mwanga, hivyo kwenye ngozi nyeusi alama hiyo inazidi kufifia huku chenga za kamera zikibaki zilezile. Ukizidisha mara 100, umezidisha na chenga. Kabla hujaniambia inafaa kwa zahanati ya kwetu, nionyeshe namba zilizopimwa kwenye ngozi za kwetu, kando ya kipimo cha kawaida.

Inawezekana kufanya vizuri. Justin Chen na wenzake, wa MIT hukohuko, walirekodi daraja la ukumbusho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kule Portsmouth, New Hampshire, wakalinganisha mtikisiko wa kwenye video na vipimo vya vifaa vilivyofungwa kwenye daraja lenyewe. Video yao haisisimui kama ya mtoto, ila mhandisi anaweza kuitumia. Ukijaribu mwenyewe, weka simu kwenye stendi, na ndani ya picha kiwepo kitu unachojua hakisogei. Kikicheza, futa.

Mimi yangu nimeifuta. Wiki iliyopita nimetumiwa tena, safari hii wanasema ni daraja la Mikumi.