Nyumba Kabla ya Msingi: Mwongozo wa Kupima Kazi ya Msanifu Majengo

Msanifu majengo anapokuja kukuonyesha nyumba uliyomwagiza, macho hukimbilia picha za kompyuta: bustani ya kijani, gari jeupe, taa zinazowaka jioni. Picha hizo zina nafasi yake, lakini hazitoshi kukuambia kama kazi ni nzuri. Uwasilishaji bora ni ule unaomwezesha mteja kuiona kasoro na kuikataa ikiwa bado ni mstari kwenye karatasi. Ukuta ukishapanda, kila badiliko ni saruji, nondo na malipo ya fundi.

Kiwanja kwanza

Karatasi ya kwanza ionyeshe mahali penyewe: mipaka, mteremko, barabara, mwembe uliopo, njia ya maji ya masika, mshale wa kaskazini, na pande zinakotokea kusi na kaskazi. Mwingereza Humphry Repton, msanifu wa bustani wa mwishoni mwa karne ya 18, aliwatengenezea wateja wake vitabu vyenye jalada jekundu. Mchoro ulionyesha eneo lilivyo; ukifunua kipande cha karatasi kilichobandikwa juu yake, unaliona litakavyokuwa. Mteja alijua hasa analipia nini. Nawe dai ulinganisho wa namna hiyo.

Ramani yenye samani

Chukua rula. Kwenye ramani ya 1:100, sentimita moja ni mita moja. Kitanda cha futi tano kwa sita kinatakiwa kisome karibu sentimita 1.5 kwa 1.8. Ukikuta kimechorwa kwa 1.2, chumba kimefanywa kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Kisha tembeza kidole: toka getini na mizigo ya sokoni hadi jikoni, toka chumba cha wageni hadi chooni usiku. Je, aliyekaa sebuleni anamwona anayetoka bafuni? Mlango ukifunguliwa unagonga kabati? Mtungi wa gesi unakaa wapi, nguo zinaanikwa wapi, tangi la maji je? Ramani iliyofikiriwa hujibu maswali haya kabla msanifu hajafungua kinywa.

Mkato

Huu ni mchoro wa jengo lililopasuliwa wima, toka paa hadi msingi. Wateja wengi huuruka, ilhali ndio unaoonyesha nani ameifikiria nyumba na nani ameipamba tu. Chukua Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970. Ukilitazama kwa nje unaona miamvuli yake ya zege. Mkato ndio unaokueleza jinsi paa lile, sakafu za biashara na shimoni vinavyoungana kuwa soko moja. Kwa nyumba yako, mkato useme dari iko juu kiasi gani, hewa ya moto inapitia wapi kwenda nje, ukingo wa paa unaukinga vipi ukuta, na sakafu imeinuliwa kiasi gani ili mafuriko yasiingie ndani.

Picha na maketi

Jua na vivuli vya kwenye picha vilingane na vya mahali pako. Kwa mfano, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Desemba husogea kusini kidogo. Basi uliza: picha hii ni ya mwezi gani, saa ngapi? Omba moja ya saa kumi alasiri inayoonyesha ukuta wa magharibi, ujue kama chumba chako kitageuka tanuri. Picha iliyotazamwa kwa urefu wa macho ya mtu, yenye ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, ina thamani kuliko kumi zilizotazamwa toka angani. Maketi, yaani mfano mdogo wa nyumba, ya kadibodi, hata isiyo na rangi, mara nyingi hufundisha zaidi ya picha zote: unaizungusha, unafunua paa, na mama asiyesoma michoro anaweka kidole na kusema, "Hapa pamebana."

Mazungumzo yenyewe

Msanifu hodari huleta njia mbili au tatu, kila moja na makadirio ya gharama yake pamoja na udhaifu wake. Huleta kipande cha kigae na rangi iliyopakwa ubaoni, mkavitazame nje juani. Huuliza, akanyamaza, akasikiliza. Baada ya kikao hukuandikia mlichokubaliana na kilichobaki kuamuliwa.

Ukifika nyumbani, jaribu kumweleza mwenzako kwa nini jiko liko upande ule na kwa nini sebule imepunguzwa mita moja. Ukiweza bila msanifu kuwepo, ameifanya kazi yake. Ukishindwa, omba kikao cha pili kabla ya kutia saini. Anayeijali kazi yake atakupokea kwa moyo mweupe.