Zambi ya Padri Landu

Ndugu waseminari, V. Y. Mudimbe alizaliwa huku kwetu Likasi mwaka 1941, wakati muji uliitwa Jadotville. Alikuwa mumonaki Mubenedikto, akaacha utawa. Nyuma akajiita mutu asiyejua kama Mungu yuko. Alikufa Marekani mwaka 2025. Kitabu chake Entre les eaux kilitoka Paris mwaka 1973. Mukisome, musiogope.

Padri Pierre Landu, aliyesoma Roma, anaacha parokia na kuingia porini pamoja na waasi. Kwake, kubaki upande wa Eklezia ya wakubwa ni kusaliti watu wake. Basi asiyeamini anatuuliza: zambi ni nini, kama si sheria ya wageni iliyowekwa juu ya mioyo yetu? Swali hilo tusilicheke. Sisi tuliohesabia watu zambi kama madeni ya duka, ni sisi tulilitayarisha.

Lakini kitabu chenyewe kinajibu. Landu anajipima usiku na muchana, anajihukumu, tena anajihurumia. Mwenye kukosewa simwoni. Anatafuta mikono safi, hatafuti mutu wa kuomba musamaha. Hapo ndipo ninabishana naye. Wazee walijua kama mwenye kupunguza uzima wa mwenzake anaharibu ukoo wote. Padri Tempels aliandika karibu vile, Elisabethville, mwaka 1945. Zambi haikufika kwa treni ya Wazungu. Habari mupya ilikuwa hii: Mungu mwenyewe ndiye mwenye kukosewa, na ndiye anayetutangulia kusamehe. Neno hilo Landu halisikii, hata mwisho, akiwa ndani ya monasteri.