Hesabu ya Mgeni wa Baiskeli

 

Julai mwaka jana, baridi ikiwa imekolea, sisi wa Doonside tulipata mgeni. Ni kijana wa Kizungu anayezunguka dunia kwa baiskeli na fedha kidogo, aliyeelekezwa kwetu na rafiki wa mwanetu. Alitoka uwanja wa ndege wa Mascot kwa pedali, zaidi ya kilomita 40, akafika jua likizama na mifuko minne ikining'inia kwenye keria. Alipiga hodi kwa Kiswahili alichookota kati ya Namanga na Iringa. Mama watoto akacheka, akaongeza unga kwenye sufuria.

Usiku ule mazungumzo yalikuwa ya kuingia nchi mpya. Alitueleza jinsi alivyosugua matairi na cheni kwa mswaki kabla ya kupanda ndege, maana wakaguzi wa Australia hawataki udongo wa kigeni uingie. Kisha akatuonyesha daftari lake. Kila siku ina mstari mmoja: mahali, kilomita, pancha, matumizi. Tukausoma mstari mmoja wa kabla ya Singida: kilomita 92, pancha moja, matumizi sifuri.

"Sifuri kivipi?" tukamwuliza. Akasema mama mmoja alimpa pa kulala, maji ya moto ya kuoga, ugali kwa mlenda, na asubuhi uji. Alikataa fedha. Tukamwuliza jina la mama huyo. Kijana akatazama daftari, akatutazama sisi. "Mama," akasema. Hakuwa na jina jingine.

Alipoondoka alituachia kitabu, *Full Tilt* cha Dervla Murphy, akisema ndicho kilichomtoa kwao. Tulikisoma, kisha tukakitafuta na kingine cha mwandishi huyo huyo, *The Ukimwi Road*. Leo tunapenda kuvipima vyote viwili, kwa kuwa vimesomwa sana na wasafiri wa aina hii, na kimoja kinatuhusu sisi moja kwa moja.

Murphy alizaliwa Lismore, Ireland, mwaka 1931, akafariki mwaka 2022. Alipotimiza miaka 10 alipewa zawadi ya baiskeli na atlasi, akaamua kwamba siku moja ataendesha hadi India. Januari 1963 akaondoka, na Julai akafika Delhi baada ya kupita Yugoslavia, Uturuki, Iran, Afghanistan na Pakistan. Kitabu kilitoka mwaka 1965. Baiskeli aliiita Roz, na kabla ya safari akaing'oa gia zake kwa kuhofia barabara mbovu. Fundi yeyote wa Tanga angempongeza: kisichokuwepo hakiharibiki. Safari nzima ilimgharimu pauni 64 na ushei.

Uzuri wa kitabu hauna ubishi. Kimeandikwa kama shajara ya kila siku, na mwandishi hajikwezi. Akiogopa anasema ameogopa. Akivunjwa mbavu ndani ya basi huko Afghanistan anasimulia bila kilio, na hawachukii Waafghani kwa ajili hiyo. Anawapenda kupita kiasi.

Ila sisi fani yetu ni uhandisi, na mhandisi akikagua mtambo huanza kwa kufunga hesabu. Kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka pamoja na kilichobaki. Mtu anayepiga pedali mchana kutwa milimani anakula karibu mara mbili ya mtu wa ofisini. Anahitaji maji, pa kulala, na mtu wa kumwelekeza njia. Miezi sita ya mahitaji hayo hailingani na pauni 64, hata kwa bei za mwaka 1963. Tofauti ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mikate, chai na mablanketi ya watu wa njiani. Haki itendeke: Murphy hawafichi, kurasa zake zimejaa watu waliompokea. Lakini anauita ukarimu wao tabia, kana kwamba ni hali ya hewa ya nchi ile, kitu ambacho mgeni anakikuta na hakina gharama. Na sisi tuliolelewa katika nyumba za kupokea wageni tunajua kwamba kuku aliyechinjwa usiku hatagi asubuhi.

Hapo ndipo kasoro ya maandishi mengi ya namna hii ilipo. Yanajisifu kwa bei ndogo, na bei ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa imelipwa na asiyeandikwa. Umaskini wa msafiri ni wa hiari na una pasipoti mfukoni. Wa mwenyeji hauna hiari.

*The Ukimwi Road*, kilichotoka mwaka 1993, ni kitabu kizito zaidi, na kwa maoni yetu ndicho bora. Mwaka 1992 Murphy, akiwa na miaka 60, aliendesha kutoka Nairobi, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Alikusudia matembezi ya kupumzisha akili. Haikuwezekana, kwa sababu kila alipoteremka kwenye baiskeli watu walimweleza habari za maziko. Neno ambalo sisi tuliliunda kutokana na upungufu wa kinga mwilini likamfuata njia nzima mpaka likakaa kwenye jalada.

Inauma kidogo kwamba katika maneno yetu yote, ni jina la ugonjwa ndilo lililopata nafasi hiyo. Wapo watakaosema Mzungu amekuja tena kuhesabu makaburi yetu. Sisi hatusemi hivyo. Miaka ile kwetu wengi walikuwa wakizika na kusema marehemu aliugua kifua. Mama huyu wa baiskeli aliketi akasikiliza, hasa wanawake, na akaandika waliyoyasema bila kuwapamba wakubwa wala mashirika ya misaada. Safari hii mgeni alilipa kitu, nacho ni sikio. Tunamlaumu kwa jambo moja: hakuwa mtu wa lugha, na aliyetegemea Kiingereza barabarani kwetu alizungumza zaidi na waliosoma. Mama wa mlenda kama yule wa Singida angebaki jikoni, kimya.

Msomaji atauliza: je, Waswahili wenyewe wamewahi kuandika habari za kuingia nchi za watu? Wameandika. Katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani, si kwa hiari ya baiskeli, lakini jicho lake ni kali, na Warusi waliomshangaa nao wanashangawa.

Tena wasafiri wa baiskeli wa kuvuka mpaka tulikuwa nao wenyewe. Pale Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 vijana walibeba abiria na magunia kwenye keria kutoka forodha moja hadi nyingine, wakiita "boda, boda". Waliingia nchi mpya mara kadhaa kwa siku, kwa senti. Jina lao limeenea Afrika Mashariki yote, na sasa limehamia kwenye pikipiki. Shajara ya mmoja wao tungeinunua leo hii.

Tulikuwa tumefika hapo katika kuandika, tumeridhika na hukumu yetu, tukakumbuka jambo.

Sisi tulifika Sydney mwaka 1992 kusomea uhandisi. Nauli ya kila siku ilitushinda, tukanunua baiskeli kuukuu. Kumbe hapa New South Wales, tangu Januari 1991, mtu mzima haruhusiwi kuendesha bila kofia ngumu, na kofia dukani ilikuwa ghali kuliko ile baiskeli. Bibi mmoja wa Kigiriki, jirani wa pale tulipopanga chumba, alituona tukiisukuma kwa miguu siku ya tatu mfululizo. Akatoka na kofia ya mwanawe, akatuvika kichwani mwenyewe, akaifunga kamba chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto. Tuliivaa miaka minne hadi shahada ikapatikana.

Jina lake hatulikumbuki. Tumejaribu wiki nzima. Katika hesabu zetu za mwaka ule, ambazo tunazo bado, kofia haimo kabisa. Hata sifuri hatukuandika.

Basi vitabu hivi visomwe, na visomwe kwa kuwatafuta wenyeji waliomo. Mgeni wetu naye tusimseme vibaya mno. Siku ya tatu hakungoja kupewa jembe. Aliikata nyasi ya uani, akamfundisha mwanetu wa mwisho kuziba pancha, ndipo akashika njia ya Great Western Highway kuelekea milimani. Kabla ya kuondoka alitoa daftari akatuuliza majina yetu yanaandikwaje, herufi kwa herufi.

Nanyi wenzetu, mlipofika huko mliko nani aliwapokea? Tuandikieni, na jina mlitaje kama mnalo.

Wasalaam.